Steringi Anapokufa: Kuzitazama Leo Filamu Zilizotupita

Mabibi na mabwana, wazee wangu wa safu ya mbele, na nyie vijana mlioegemea ukuta, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie filamu kongwe, zile ambazo kila mpenzi wa sinema anazitaja na wengi wetu hatujaziona. Nitakaa na moja tu. Mzungumzaji akitaja ishirini kwa jioni moja, watu wanaandika majina na kwenda nayo kulala.

Filamu yenyewe ni Seven Samurai ya Akira Kurosawa. Ilitoka Japani mwaka 1954, nyeusi na nyeupe, dakika 207.

Naona mmeguna. Karibu saa tatu na nusu, ndiyo. Lakini hawa wanaoguna si ndio walewale waliokaa na Sholay saa tatu na zaidi bila kuinuka, wakaitaka tena wiki iliyofuata? Basi tusisingizie urefu. Tatizo ni heshima. Filamu ikishaitwa miongoni mwa bora duniani, mtu anakaa mbele yake wima, anangoja kuelimishwa, na dakika ya arobaini tayari anakoroma.

Ndiyo maana sipendi orodha za filamu mia ambazo eti usife kabla hujaziona. Mimi nasema anza na ile uipendayo, halafu uulize ukoo wake.

Tuichukue hiyo Sholay, ya Ramesh Sippy, 1975. Thakur, ofisa wa polisi wa zamani aliyekatwa mikono na Gabbar Singh, anawakodi wezi wawili, Veeru na Jai, waje wamkamate Gabbar anayekitesa kijiji. Humu ndani wapo watakaonighania maneno ya Gabbar wasijue sentensi nyingine hata moja ya Kihindi. Panda ngazi moja: mwaka 1960, Marekani, John Sturges alitengeneza The Magnificent Seven, ambamo wakulima wa kijiji cha Meksiko wanakodi watu saba wa bastola. Panda nyingine: 1954, wakulima wa Japani ya karne ya 16, majambazi, na watu saba wa panga. Huyo ndiye babu mwenyewe. (Sholay ina mjomba pia. Ile familia ya Thakur inavyouawa imechota kwa Sergio Leone, Once Upon a Time in the West, 1968. Na Leone naye alikwisha kuchota kwa Kurosawa: A Fistful of Dollars ya 1964, iliyompandisha chati Clint Eastwood, ilichukuliwa kutoka Yojimbo ya Kurosawa bila ruhusa, mpaka Leone na wenzake wakadaiwa na kulipa.)

Sasa hapa pana mtego. Ukiwajua wajukuu kwanza, babu anaonekana yeye ndiye mwigaji. Yule mzee Kambei, kiongozi wa wale saba, anapotafuta wenzake mmoja mmoja, huyu mcheshi, yule bingwa asiyesema, kijana wa mjini aliyezoea sinema za kisasa atakwambia, “Hii nimeshaiona.” Ameiona kweli, tena mara nyingi. Lakini aliyechelewa ana faida moja ambayo mtazamaji wa 1954 hakuwa nayo: anaona wajukuu waliacha nini.

Waliacha mchele. Katika filamu ya Kurosawa mshahara wa samurai ni chakula, basi. Wakulima wanatoka kijijini na akiba yao ya mchele kwenda mjini kutafuta watetezi, wanalala katika nyumba chafu ya wageni, na usiku mmoja mchele unaibwa. Kumebaki punje sakafuni. Mkulima mmoja anapiga magoti, anaziokota moja moja. Kamera haina haraka naye, wala hakuna muziki wa kukuambia uhuzunike. Tunajua pia kwamba wao wenyewe wanakula uwele ili wageni wapate wali, na Kambei akilipokea lile bakuli anafahamu vizuri amekabidhiwa kitu gani. Sijaona filamu ya mapigano nyingine iliyohesabu chakula kwa makini namna hiyo. Aliyekulia nyumba ambayo wali ni wa sikukuu hahitaji mfafanuzi.

Waliacha pia aibu. Kikuchiyo, mmoja wa wale saba, anayechezwa na Toshiro Mifune, anagundua kwamba wakulima wameficha mavazi ya vita. Wameyapata wapi? Kwa samurai waliokuwa wakikimbia kutoka vitani, wakawaua na kuwavua. Samurai wengine wanaghadhibika. Kikuchiyo anageuka na kuwapasulia: ndiyo, wakulima ni waongo, wachoyo, wauaji, na ni nani aliyewafanya hivyo kama si nyinyi, mnaochoma vijiji vyao na kuwachukulia wake zao? Wanyonge katika The Magnificent Seven na Sholay ni wa kuhurumiwa tu. Kwa Kurosawa mnyonge ana damu mikononi, na bado anastahili kulindwa.

Halafu tuje kwa steringi. Sisi tumelelewa na kanuni ya banda la video, kwamba steringi hafi. Sholay iliivunja kidogo: Jai, Amitabh Bachchan mwenyewe, anakufa, ndipo Veeru anagundua kwamba ile sarafu waliyokuwa wakirusha kuamulia mambo ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Kurosawa aliivunja kabisa. Kati ya saba wanakufa wanne, na angalieni wanavyokufa: wote kwa risasi, hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa panga. Majambazi wana bunduki tatu tu. Kyuzo, bingwa kuliko wote, anaondoka peke yake usiku kwenda kuchukua moja. Anarudi alfajiri, anaikabidhi, anasema ameua wawili, anakaa chini na kulala. Huyo ndiye atakayepigwa risasi na mtu aliyejificha kibandani kwa wanawake. Miaka yote ya kujinoa inazimwa na kidole cha jambazi. Vita vyenyewe ni mvua na matope, watu wanateleza na kuanguka, wala hakuna anayependeza.

Kabla hatujaanza nimeulizwa: na wale wasiotaka kusoma maandishi chini ya skrini? Wapo wasomi wanaokunja uso wakisikia filamu inasimuliwa kwa Kiswahili juu kwa juu, kama afanyavyo DJ Afro Kenya, au wasimulizi wetu wa vibanda umiza huku Tanzania. Mimi siwaungi mkono wasomi hao. Japani yenyewe, enzi za sinema bubu, ilikuwa na wasimulizi wa aina hiyo, wakiitwa benshi, na watu walikwenda kumsikiliza msimulizi kama walivyokwenda kumwangalia mwigizaji. Kaka yake Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi, na ndiye aliyemzoesha mdogo wake sinema. Filamu za sauti zilipoingia kazi hiyo ikafa, na mwaka 1933 Heigo akajiua. Kwa hiyo anayekusimulia Kurosawa kwa Kiswahili hamkosei heshima. Ninachomwomba ni kitu kimoja: afunge mdomo kwenye zile punje za mchele.

Tutaitazama leo na mapumziko katikati, kama mwenyewe alivyoyaweka. Anayechoka na atoke, hakuna atakayemnunia.

Na mwezi ujao? Tupande ngazi moja zaidi, maana babu naye alikuwa na wakubwa zake. Kurosawa hakuficha mapenzi yake kwa John Ford wa Marekani. Nimechagua Stagecoach ya 1939, gari la farasi, abiria wasiopendana na safari ya hatari. Waapache, wenyeji wa asili wa Amerika, humo ni tishio tu la kutoka vilimani, hakuna anayewauliza lolote. Hilo tutaligombania baada ya kuiona. Inakwenda kama dakika 96, kwa hiyo walioguna leo sitarajii kuwasikia.