Mdudu wa Mtoni Anayetoka Wakati wa Theluji

RAMA: Haya karibuni tena wasikilizaji, leo niko na dada Zuhura, yeye yuko Illinois kule Marekani, na kaniambia tunaongelea mdudu anayetoka mtoni mwezi wa kwanza, theluji imejaa kila mahali. Dada, mi nilijua baridi ikiingia wadudu wote wanapotea.

ZUHURA: Wengi ndo hivyo mdogo wangu. Ila huyu Allocapnia vivipara, yupo kwenye kundi la inzi-mawe, Plekoptera, yeye mambo yake yote makubwa anayafanya kwenye baridi. Desemba mpaka Machi ndo anatoka. We pita kwenye daraja la zege juu ya kijito siku yenye jua, inama uangalie ukingo, utamwona anatembea, mweusi, mwembamba, milimita 5 mpaka 8 hivi, ana vipapasio virefu mbele na mikia miwili nyuma. Pembeni yake unakuta ngozi aliyoivua, imepasuka mgongoni, na bado imeng'ang'ania zege kwa kucha zake.

RAMA: Sasa anatokaje majini na juu kumeganda?

ZUHURA: Anapitia kwenye nyufa. Pale barafu inapokutana na jiwe au gogo huwa panabaki upenyo, anapanda hapo mpaka juu. Na kuruka sahau, dume wa spishi hii hana mabawa ya maana, ni vibutu tu, jike ndo ana mabawa kamili.

RAMA: Eeh! Alafu wanapatanaje?

ZUHURA: Kwa inzi-mawe wengi dume anagonga tumbo lake kwenye ubao au gome la mti, ule mtikisiko unasafiri, jike akiusikia anajibu na yeye kwa kugonga, basi dume anaufuata mpaka wanakutana. Chakula chao hawa wakubwa ni ule ukijani, mwani mdogo mdogo unaoota kwenye magome.

RAMA: Lakini kwa nini ajitese hivyo, si asubiri joto?

ZUHURA: Hapo ndo watu wanakosea Rama, wanadhani anavumilia baridi. Baridi ndo inayomfaa. Maji baridi yanashika oksijeni nyingi, miti imepukutisha majani vuli, yamejaa mtoni yanaoza, na hicho ndo chakula cha watoto wake, alafu wanaomla wamepungua, vyura wamelala, kereng'ende waliokomaa hawapo, samaki wamepoa. Kinachomtesa ni joto, na maisha yake yote kayapanga kulikwepa.

RAMA: Kivipi sasa, na joto lazima lije?

ZUHURA: Sikiliza hii, mi ndo inanifurahisha kuliko zote. Inzi-mawe wengi wanataga mayai, yanakaa majini wiki kadhaa ndo yaanguliwe, huyu jike anabaki nayo tumboni mpaka watoto wamekomaa, kwaiyo akiyaachia tu majini ndani ya dakika chache watoto wanatoka. Wanakula kidogo, maji yakianza kupata joto wanashuka chini ya changarawe, wanajikunja huko na kulala usingizi mzito, hawali, hawakui, miezi yote ya joto iko juu yao. Hata kijito kikikauka juu wengine wanapona kwa unyevu wa kule chini. Vuli maji yakipoa wanaamka, wanavamia majani, na wanakua kwa kasi ya ajabu, Desemba tayari wengine wako darajani. Mwaka mmoja, kizazi kimoja.

RAMA: Aisee, yaani amelala wakati wenzake wote wanahangaika.

ZUHURA: Na ndo maana amesambaa sana, Illinois, Indiana, Ohio, Missouri, mpaka Kansas na Oklahoma. Mwaka 1971 wanasayansi Herbert Ross na William Ricker walitoa kazi kubwa kuhusu jenasi nzima ya Allocapnia, yaani huyu na ndugu zake wa karibu, wakafuatilia spishi kijito kwa kijito na kuhusisha ramani zake na enzi za barafu, maana sehemu kubwa ya Illinois ilishafunikwa na barafu nene, kwaiyo wadudu waliopo pale leo walirudi baadaye kwa kufuata mito.

RAMA: Kwa hiyo huyu hana shida kabisa?

ZUHURA: Huyu ana nafuu, unamkuta hata kwenye vijito vinavyopita katikati ya mashamba ya mahindi na soya, vilivyonyooshwa kama mfereji. Wenzake hapana. Utafiti wa Illinois uliotoka 2005 ulionyesha zaidi ya robo ya spishi za inzi-mawe zilizowahi kurekodiwa kwenye jimbo hilo zimetoweka, na wengi walikuwa wa mito mikubwa. Hilo linaniuma kweli, maana mto wenyewe bado upo, ukiutazama kwa juu unadhani mzima.

RAMA: Na huku kwetu dada, tunao hawa?

ZUHURA: Wa theluji hapana, ila ndugu zao mnao, jenasi ya Neoperla, wako kwenye mito ya milimani Tanzania na Kenya, kwenye maji safi yanayokwenda kasi. Geuza jiwe taratibu, utamwona amejibana chini yake, bapa, ana mikia miwili ile ile. Ukishamwangalia lirudishe jiwe vile vile lilivyokuwa, anaishi hapo.