Jenerali wa Baharini

MWANAIDI: Juma, nimekuja nalo lile boksi.

JUMA: La marehemu mzee?

MWANAIDI: Medali zake nne. Jumatatu nilizipeleka kwa fundi wa fremu, akaniuliza ipi itangulie. Nikabaki kimya. Miaka yote hiyo amezivaa mbele yangu, sikuwahi kumuuliza hata moja.

JUMA: Pole, dada. Basi leo kipindini tuna Jenerali Mwathethe, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, na mafunzo yetu matatu kutoka kwake...

MWANAIDI: Ngoja kwanza nisome jina lake linavyoandikwa. Jenerali Samson Mwathethe, EGH, MBS, DCO, ndc, psc. Hizi mbili za mwisho wala si nishani, ni masomo: ndc ni chuo cha ulinzi wa taifa, psc ni chuo cha mafunzo ya maofisa. EGH ni daraja la pili la nishani ya taifa ya Golden Heart. MBS ni Burning Spear, na hiyo M ni "Moran". DCO, Distinguished Conduct Order, ndiyo ya wanajeshi.

JUMA: Mimi umenipoteza pale mwanzo. "Jenerali." Mtu ameingia jeshini 1978, akalelewa na wanamaji, akawa kamanda wao 2011. Septemba 2012 vijana wake wakashuka ufuoni Kismayu, Somalia, kutoka melini. Halafu 2015 anakuwa Mkuu wa Majeshi yote, na bado anaitwa kwa cheo cha nchi kavu!

MWANAIDI: Ndivyo vyeo vya Kenya vilivyo. Kibwana naye alitoka wanamaji, akaongoza majeshi 2000 hadi 2005, akaitwa Jenerali.

JUMA: Vuka mpaka wa Lungalunga. Tanzania mkuu wa wanamaji ni Rear Admiral, cheo cha baharini. Bahari ni ileile!

MWANAIDI: Sasa admirali angemwongozaje mwanajeshi wa miguu kule Isiolo? Cheo kimoja, jeshi moja.

JUMA: Si wanaongozwa kwa amri? Jina la cheo linasema mtu katoka wapi. Huyu ni mtoto wa Kilifi, bahari ndiyo iliyomlea.

MWANAIDI: Babangu alikuwa sajini Mtongwe, kambi ya wanamaji Mombasa. Sajini, Juma, ndani ya meli. Watu mtaani walimuuliza bunduki yako iko wapi, na hakuona haya hata siku moja. Alikuwa akisema cheo ni cha serikali, bahari ni yangu.

JUMA: Hapo mzee ananiunga mkono mimi.

MWANAIDI: Hakuungi! Anasema cheo hakina haja ya kunuka chumvi.

JUMA: Mimi nasema kinahitaji. Wanamaji wetu wapo tangu Desemba 1964, na mtoto wa shule akisikia "jenerali" anawaza vifaru.

MWANAIDI: Basi afundishwe huyo mtoto. Cheo kisiguswe.

JUMA: Kiguswe.

MWANAIDI: Juma, tumebakiwa na dakika mbili.

JUMA: Na mafunzo?

MWANAIDI: Hata la kwanza hatujafika. Yaache. Wasikilizaji, kama kuna aliyetumikia Mtongwe na anajua medali zinavyopangwa, tafadhali aniandikie. Hii moja ina utepe uliochujuka kabisa, rangi siitambui.

JUMA: Hebu niione. Igeuze nyuma... ina namba.

MWANAIDI: Namba yake ya jeshi. Hii naijua kwa moyo.

JUMA: Basi fundi aanze na hiyo.