Kuandika Mauzo na VAT Kwenye Leja, Hatua kwa Hatua

Karibuni, watazamaji. Leo tunaandika miamala miwili ya duka la vifaa vya ujenzi lililosajiliwa kwa VAT, yaani Kodi ya Ongezeko la Thamani, Tanzania Bara, kwa kutumia kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Ikiwa biashara yako haijasajiliwa huruhusiwi kutoza kodi hii, ingawa kutazama hakuna kizuizi.

Hatua ya kwanza ni kuweka hati mezani. Mnayoiona kwenye skrini ni risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti, ya saruji na nondo zilizonunuliwa na duka letu, yenye jumla ya shilingi 1,180,000. Kabla ya kushika kalamu, hakikisheni kuwa risiti ina jina, TIN (namba ya mlipakodi) na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya duka linalonunua, kwa maana risiti isiyomtambulisha mnunuzi itakusumbua siku ya kudai kodi uliyolipa.

Hatua ya pili ni kutenganisha kodi na bei, na hapa tutakaa kidogo. Wengi huchukua jumla wakaizidisha kwa asilimia 18, wakapata 212,400. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu jumla tayari ina kodi ndani yake: ni sehemu 100 za bei na sehemu 18 za kodi. Kwa hiyo gawanya 1,180,000 kwa 118, kisha zidisha kwa 18. Kodi ni 180,000 na bei ya bidhaa ni 1,000,000.

Hatua ya tatu, fungua leja, yaani daftari la akaunti za biashara. Debiti akaunti ya manunuzi 1,000,000, debiti akaunti ya VAT 180,000, na krediti akaunti ya benki 1,180,000. Debiti ni upande wa kushoto na krediti ni upande wa kulia. Jumla za pande hizo zisipolingana, usiendelee.

Hatua ya nne ni mauzo. Fundi amechukua bidhaa zote kwa mkopo, kwa ankara ya shilingi 1,770,000 pamoja na kodi. Debiti akaunti ya fundi, ambaye sasa ni mdaiwa wetu, 1,770,000. Krediti akaunti ya mauzo 1,500,000. Na krediti akaunti ya VAT 270,000. Hizo 270,000 zisiguse akaunti ya mauzo hata kwa bahati mbaya, kwa kuwa ni fedha za Serikali ambazo duka limezikusanya tu, na mwenye duka anayezihesabu kuwa pato lake hujiona ana faida asiyokuwa nayo.

Hapo kuna jambo linalowaumiza wauzaji wa mkopo. Kodi hudaiwa pale ankara inapotolewa, malipo yanapopokelewa au bidhaa zinapokabidhiwa, lolote litakalotangulia. Fundi akichukua nondo tarehe 28 akalipa baada ya miezi miwili, kodi yake inaingia kwenye ritani (taarifa ya kodi) ya mwezi uleule aliochukua bidhaa, nawe utaitoa mfukoni mwako kwanza. Kwa maoni yangu, mkopo wa muda mrefu upangiwe masharti kwa kuzingatia jambo hili, hata kama mteja ni wa siku zote.

Hatua ya tano, funga akaunti ya VAT mwisho wa mwezi. Krediti ni 270,000, debiti ni 180,000, na salio la 90,000 ndilo deni lako kwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambalo utalilipa pamoja na kuwasilisha ritani kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukishalipa, debiti akaunti ya VAT 90,000 na krediti benki kiasi hicho hicho. Malipo haya hayaandikwi kwenye gharama za uendeshaji.

Sasa tazama salio la akaunti ya VAT: linapaswa kusoma sifuri. Likisoma tofauti, rudi kwenye hatua ya pili ukague risiti moja baada ya nyingine, maana mara nyingi kosa hukaa kwenye ule mgawanyo wa 118.