Tiketi ya Ndege ni Mkopo Usio na Dhamana

(Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini mbele ya wafanyabiashara na wanafunzi)

Ndugu zangu wa mwisho wa reli, wazee wetu mliokaa mbele, na vijana mliosimama kule mlangoni, asanteni kwa kuja.

Tuanze na hela yenu. Ukilipia leo safari ya Dar es Salaam ya mwezi ujao, leo hujapata huduma yoyote. Umepewa herufi na namba sita kwenye simu, basi. Fedha imetoka kwako, imeingia kwa shirika, na kuanzia dakika hiyo wewe ni mdai wa shirika hilo. Umelikopesha bila riba na bila kushika dhamana. Benki iliyolikopesha imeshika hati, mwenye ndege ameshika ndege, wewe umeshika ujumbe wa simu.

Mashirika mengi ya ndege huendeshwa kama mchezo wa upatu. Tiketi za Desemba zinauzwa Septemba, na fedha yake inanunua mafuta ya Septemba. Desemba ikifika, safari yako inalipiwa na abiria aliyenunua ya Februari. Mauzo yakipanda, mzunguko unakwenda vizuri na hata hasara haionekani. Yakishuka miezi miwili mfululizo, abiria wapo wa kusafirishwa lakini hela yao ilishatumika.

Angalieni tarehe za wenzetu wa Ulaya. Monarch ya Uingereza ilianguka tarehe 2 Oktoba 2017. Primera Air ilifuata mwanzoni mwa Oktoba 2018. Thomas Cook, tarehe 23 Septemba 2019, ikaiacha serikali ya Uingereza na kazi ya kuwarudisha nyumbani watu wapatao 150,000. Play ya Iceland, tarehe 29 Septemba 2025. Zote zimeangukia kwenye wiki moja au mbili zilezile za mwaka, na sababu ipo. Kwao msimu wa likizo unaisha Septemba. Fedha ya majira ya joto imekwisha kuingia, bili za viwanja na mafuta za miezi hiyo zinaiva, na mauzo ya majira ya baridi ni haba. Shirika lililokuwa limeoza tangu Machi hujikongoja hadi hapo, kisha linakata roho.

Watu huuliza, kwa nini wasitangaze mapema, hata wiki mbili? Fikirini yatakayotokea wakitangaza. Asubuhi hiyohiyo muuza mafuta atataka fedha taslimu kabla ya kuunganisha mpira. Kampuni inayopitisha malipo ya kadi itazuia fedha zote za tiketi ambazo safari zake hazijafanyika, kwa sababu inajua itadaiwa yenyewe. Kiwanja kinachodai ada kitaizuia ndege isiruke. Mkodishaji atatuma watu wake wakaikamate popote ilipo, na Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001 unampa njia ya haraka ya kufanya hivyo katika nchi zilizouridhia. Abiria nao wataacha kununua. Shirika ambalo lingeishi miezi miwili zaidi huku likitafuta mwekezaji litakufa saa sita mchana. Kwa hiyo mkurugenzi anayesema Jumatatu kwamba "mambo ni shwari" na kufunga Jumatano si lazima awe mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa akingoja saini ya mtu fulani, na mtu huyo hakusaini. Kwa aliyekwama kiwanjani hilo si faraja hata kidogo, na sioni kwa nini liwe.

Sasa tuje kwa haya mashirika ya nauli nafuu. Mfano wake ulijengwa na shirika la Southwest kule Texas, Marekani, kuanzia mwaka 1971, na Ryanair wa Ireland wakaunyoosha zaidi. Siri yake si nauli ndogo. Nauli ndogo ni matokeo. Kazi inafanyika kwenye saa. Tumia aina moja ya ndege, ili rubani, fundi na kipuri kiwe kimoja. Ikitua, iwe hewani tena baada ya dakika 25 hadi 30. Irushe saa 11 au 12 kwa siku, maana kodi ya ndege, ile anayolipwa mkodishaji, hulipwa kwa mwezi, iruke isiruke. Jaza viti: Ryanair hujaza zaidi ya 90 katika kila 100. Halafu uza mizigo, kiti cha dirishani na soda. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, hesabu inayumba. Ukikosa viwili, inaanguka.

Fastjet ilipoanza kuruka hapa kwetu Novemba 2012 ilikuja na Airbus A319 zenye viti 156, na ikaanza na Mwanza na Kilimanjaro kutoka Dar. Njia hizo zina watu. Nauli ya chini kabisa ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada, na watu ambao hawajawahi kupanda ndege wakapanda. Tuliseme hilo kwa haki: shirika lile lilionyesha kwamba soko lipo. Lakini tazama kilichokuwa kikiendelea nyuma yake. Mwaka lilipoanza, dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,580. Mwishoni mwa 2018 ilikuwa karibu 2,300. Abiria analipa shilingi, ila kodi ya ndege, vipuri, bima na akiba ya matengenezo ya injini vyote ni dola. Kodi ya dola 100,000 kwa mwezi, tuseme kwa mfano, ilihama kutoka shilingi milioni 158 hadi milioni 230 bila mkodishaji kuongeza hata senti. Jaribu kupandisha nauli kwa kiwango hicho uone nani atabaki kwenye kiti. Walibadili ndege wakaleta Embraer 190 zilizo ndogo zaidi, wakapunguza safari, na Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikawapa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni, madeni yakiwa miongoni mwa sababu. Walionunua tiketi za Krismasi wakabaki na karatasi.

Na Kigoma? Hapa nitakaa kidogo, maana kila mkutano huulizwa kwa nini hatupati nauli ya elfu hamsini. Chukueni ndege ya Q400, ile ya mapangaboi ambayo Air Tanzania huiweka viti 76. Inakula takriban tani moja ya mafuta kwa saa. Dar hadi hapa ni saa mbili hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi tuweke tani 4.4, sawa na lita 5,500. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, kwa mfano tu, hayo ni milioni 16.5. Ndege ikijaa pande zote mbili, abiria 152, kila mmoja anabeba shilingi 108,500 ya mafuta peke yake. Ikijaa kwa asilimia 60, abiria 91, kila mmoja anabeba 181,000. Hapo rubani hajalipwa, kodi ya ndege haijalipwa, matengenezo hayajawekewa akiba, bado ada ya kiwanja ya shilingi 10,000 na VAT. Atakayewauzia kiti cha elfu hamsini anauza vichache vya kutangazia biashara, au anakula mtaji wa mtu, au yuko kwenye ule upatu.

Kuna na hili la mwanga. Kiwanja kisicho na taa za kutulia usiku hufungwa jua likizama, na ndege inayokitegemea hupoteza saa tano au sita za kazi kila siku. Shirika la nauli nafuu haliwezi kuzitupa saa hizo. Ukitaka nauli ishuke, dai taa na njia ndefu ya kurukia kabla ya kudai shirika jipya. Ndege kubwa iliyojaa ndiyo inayoshusha gharama ya kiti.

Udogo wa kundi la ndege nao unaua. Wenyeji mnaikumbuka Dash 8 ya Air Tanzania iliyoharibika ikiruka hapa Kigoma tarehe 9 Aprili 2012. Hakufa mtu, tunashukuru Mungu. Lakini shirika wakati ule lilikuwa na ndege za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na moja ikitoka ratiba nzima inapasuka. Lilikuwa limekwishaonja kusimama Desemba 2008, TCAA ilipositisha cheti chake cha uendeshaji hadi Januari. Kumbukeni kuna karatasi mbili: leseni ya biashara ya usafiri wa anga, na cheti cha uendeshaji kinachohusu usalama. Moja ikisitishwa, injini zinazimwa hata kama benki kuna fedha.

Siku hizi injini zenyewe zimekuwa chanzo. Kampuni ya Go First ya India ilisimama Mei 2023 ikisema karibu nusu ya ndege zake zimekaa chini kwa kukosa injini za Pratt & Whitney. Airbus A220 za Air Tanzania ziliegeshwa kwa tatizo la injini za familia hiyohiyo, na ratiba zenu zikaguswa. Air Tanzania ina serikali nyuma yake. Go First haikuwa nayo.

Na Marekani, kwenye chimbuko lenyewe, upepo umegeuka. Shirika la nauli nafuu la Spirit liliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Novemba 2024, ikatoka Machi 2025, ikarudi tena mahakamani Agosti mwaka huohuo. Mashirika makubwa yalijifunza kuuza viti vichache vya bei ya chini ndani ya ndege zao, mishahara ya marubani ikapanda, na tofauti ya gharama iliyokuwa ngao ya wadogo ikayeyuka. Mwezi Januari 2024 jaji alikuwa amezuia Spirit isinunuliwe na shirika lingine, JetBlue, ili kulinda ushindani. Southwest wenyewe, waliojivunia kubeba begi bure miaka yote, walianza kulitoza Mei 2025. Ila msiseme mtindo umekufa: Ryanair ilibeba abiria milioni 200 katika mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 2025. Ndege zake nyingi ni zake, hazina deni.

Dalili mnazoweza kuziona kutoka hapa hapa? Safari mbili kuunganishwa kuwa moja mara kwa mara. Ndege ya rangi nyingine na wahudumu wengine kuja badala ya ile mliyoizoea. Ofa ya ghafla ya safari za miezi sita mbele, yenye sharti la kulipa leo. Mishahara kuchelewa, na mji huu ni mdogo, mtasikia. Dalili kubwa kuliko zote ni wakala wenu kuambiwa asitoe tiketi za shirika hilo kwenye mfumo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani ambacho malipo ya mawakala hupitia kwake. Hiyo ikitokea, msinunue hata kwa nusu bei.

Njia ya kulipa ndiyo inayoamua kama utarudishiwa. Ukilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, hata ile ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya mitandao ya simu, unaweza kwenda benki au kwa aliyekupa kadi na kufungua madai ya huduma ambayo haikutolewa. Kwa kawaida una siku 120 kuanzia tarehe ambayo ungesafiri. Beba risiti, picha ya tangazo la kufungwa, na namba ya tiketi. Si zile herufi sita. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinaonyesha nani ametoa tiketi na ndiye mdaiwa wako: 197 ni Air Tanzania, 031 ni Precision Air, 706 ni Kenya Airways. Uliyelipa kwa wakala, mfuate siku hiyohiyo, kabla fedha haijapelekwa, kwa sababu ikiwa bado iko kwenye mfumo wa IATA inaweza kuzuiwa. Uliyetuma kwa simu moja kwa moja au kulipa taslimu dirishani, andika madai kwa mfilisi atakapotangazwa, nakala kwa TCAA, na usiweke matumaini makubwa. Wenye dhamana, wafanyakazi na serikali wako mbele yako kwenye foleni.

Wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou, nunueni safari yote kwenye tiketi moja. Ukiwa na tiketi mbili tofauti na ile ya Kigoma–Dar ikafutwa, shirika la pili linakuhesabu umekosa safari, na hela yako imekwenda. Kama lazima ziwe mbili, shuka Dar siku tatu kabla: treni ya kati ni kilomita 1,252 na karibu siku mbili, kwa hiyo ndege ikifa bado unaweza kufika.

Nimeletewa swali kwenye karatasi: reli mpya ya kisasa, SGR, ikifika, ndege zitatukimbia? Kwa Kigoma sidhani. Treni ya kilomita 160 kwa saa bado itahitaji saa tisa au kumi kutoka Dar, na mwenye haraka ataendelea kupanda ndege. Tabora ndiyo ya kuangalia. Kilomita 840 ni saa saba hivi kwa treni, na ukijumlisha safari ya kwenda kiwanjani, kusubiri na foleni ya Dar, ndege inaokoa saa tatu au nne tu. Safari nyingine za kuja huku zimekuwa zikipitia Tabora kuchukua abiria. Abiria wa Tabora wakihamia kwenye treni, viti vyao vitabaki wazi kwenye ndege inayokuja Kigoma, na mafuta ya viti hivyo mtalipia ninyi.