Najenga banda la gari mwenyewe hapa Minnesota: leo tuangalie chini

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wazee wetu mnaotazama kutoka nyumbani. Leo sitawaonyesha kuta. Najua kuta ndizo mnazozisubiri, ila naomba mniangalizie kwanza huku chini, maana banda linasimama au linaanguka kwa sababu ya haya mnayoyaona hapa.

Kabla ya kugusa jembe unapiga 811, simu ya bure. Wanakuja kupaka rangi ardhini pale nyaya na mabomba yalipopita, usije ukayachimba: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, buluu ni maji. Pale kwenye majani, mstari wa njano ule, ndiyo maana banda nimelisogeza huku.

Sasa baridi. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na udongo uliolowa ukiganda unanyanyua chochote kilicho juu yake. Kwa huku kusini mwa Minnesota, msingi wa nyumba lazima ushuke inchi 42, zaidi ya mita moja, uikwepe barafu. Banda langu limejitenga na nyumba, kwa hiyo sheria inaniruhusu kumwaga zege linaloelea: kingo nene, nondo ndani, na linapanda na kushuka lote kwa pamoja. Lingeshikana na nyumba, majira ya baridi yangelichana ukutani.

Pembe nimezipima kwa kamba, tatu-nne-tano, ileile ya mafundi wetu: upande mmoja tatu, wa pili nne, na mshazari ukitoka tano, pembe imenyooka. Mkaguzi wa manispaa akaja akaangalia mbao za fomu, zile zinazozuia zege pembeni, na nondo, ndipo zege likamwagwa.

Sogeza kamera hapa. Hii boliti. Unene nusu inchi, imezama inchi 7 ndani ya zege, na kutoka moja hadi nyingine isizidi futi 6. Mbao ya chini, iliyotiwa dawa kwa sababu zege hupitisha unyevu, inakaa juu ya zege, boliti ikiipenya, na kukazwa kwa nati. Nguzo za ukuta zinapigiliwa kwenye mbao hiyo. Kenchi nimeziagiza kiwandani, zimepigiwa hesabu ya uzito wa theluji, na kila moja itafungwa ukutani kwa kibati cha chuma. Paa linashikwa na ukuta, ukuta na boliti, boliti na zege. Hakuna kinachokaa kwa uzito wake tu!

Na hapa nawasemesha nyie mnaojenga nyumbani. Nimeona paa nyingi zimeng'oka nzimanzima, bati na mbao zake, na tofali zimebaki zimesimama. Upepo unapopita juu ya bati unalivuta, ukiingia kwa chini unalisukuma, na misumari peke yake haiwezi. Kwa hiyo kabla hamjamwaga zege la lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, mwambie fundi aache nondo nyembamba au waya mnene umechomoza, umefungwa kwenye nondo za lenta yenyewe. Siku ya kupaua, waya huo unaizunguka mbao ya kulalia kenchi, unakazwa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuezeka upya, na zege likishakauka nafasi hiyo imepita. Simama pale siku hiyo, au mtume mtu unayemwamini akupigie picha.

Video ijayo tunainua kuta. Mlango nitamwachia fundi wa milango: springi zake zimekazwa kwa nguvu inayoweza kumvunja mtu mkono.