Umeongeza RAM, mashine imegoma

KOMBO: Karibuni. Leo tuko kwenye zile kompyuta zilizomaliza utumishi wao maofisini Ulaya, kisha zikavuka bahari kuja kwetu: HP Compaq, Dell OptiPlex, ThinkPad, Latitude. Nairobi wanaziita ex-UK, Dar utasikia mtumba.

MWANAIDI: Nyingi zinauzwa na RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya mashine, ya 4GB. Weka Windows 10, fungua kurasa tano za intaneti, diski inaanza kunguruma. Mwenye mashine ananunua RAM, anachomeka, anabonyeza kitufe: feni inazunguka, skrini nyeusi tii.

KOMBO: Anarudi dukani kugombana.

MWANAIDI: Na kumbe RAM yenyewe huenda ni nzima. Haikuwa ya mashine ile, basi.

KOMBO: Tuanzie kwenye zisizoingia kabisa. RAM ina vizazi: DDR2, DDR3 na DDR4, kila kimoja kina kipengele chake, ule mkato mdogo kwenye ukingo wa meno ya dhahabu, mahali pake. Ikikataa kukaa, usiisukume kwa nguvu. Umechukua kizazi kingine. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zina pini 240 zote mbili, urefu ule ule, kwa hiyo mtu hudanganyika. Tazama kipengele, usihesabu pini.

MWANAIDI: Hiyo ndogo. Kubwa ni RAM inayoingia vizuri, inakaa, halafu haiwaki. Hapo kuna mambo mawili: volti na chipu.

KOMBO: Volti kwanza.

MWANAIDI: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5. DDR3L hutumia 1.35. Umbo ni moja, kipengele ni kile kile. Laptop zenye prosesa za Intel kizazi cha 4, kama ThinkPad T440, EliteBook 840 G1 na Latitude E7440, zinataka DDR3L. Ukiweka ya 1.5, mara nyingi haiwaki kabisa. Kinyume chake hakina shida: DDR3L inavumilia 1.5, kwa hiyo ukiiweka kwenye mashine ya zamani zaidi inafanya kazi.

KOMBO: Kwa hiyo asiye na uhakika achukue yenye L.

MWANAIDI: Kwa laptop za DDR3, ndiyo. Kwenye lebo itaandikwa PC3L badala ya PC3. Na tukiwa hapo hapo kwenye lebo, tuimalize. Chukua hii: 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. Ile 12800 ni kasi, ndiyo hiyo hiyo inayoitwa 1600. 10600 ni 1333, 8500 ni 1066. Ukichanganya 1333 na 1600, zote zinakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole, hakuna kinachoharibika. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuchunga. S ni ya laptop. U ni ya kompyuta ya mezani. R ni ya seva.

KOMBO: Hiyo R imewaumiza wengi. Inauzwa bei ya kutupa, tena 16GB kwa kipande kimoja, na kwenye OptiPlex inaingia bila ubishi.

MWANAIDI: Inaingia, haiwaki. RAM ya seva ya aina hiyo ina chipu ya ziada katikati inayopokea amri kabla hazijafika kwenye chipu za kumbukumbu. OptiPlex haijui kuzungumza nayo. Hakuna mpangilio wa BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine, utakaoiokoa.

KOMBO: Haya, chipu sasa. Hapa naomba msikilizaji ashike kalamu.

MWANAIDI: Kipande cha RAM ni bodi yenye chipu nyeusi. Zihesabu, pande zote mbili. Kisha gawanya ukubwa kwa idadi. Kipande cha 4GB chenye chipu 16, kila chipu imebeba megabaiti 256. Cha 4GB chenye chipu 8, kila moja imebeba 512. Dukani vyote viwili vinaitwa 4GB. Kwa mazabodi za zamani, zile bodi kuu za kompyuta, ni vitu viwili tofauti.

KOMBO: Kwa nini?

MWANAIDI: Kwa sababu kidhibiti cha RAM kilitengenezwa kusoma chipu za ukubwa fulani, kikaishia hapo. Mazabodi za Intel G41, zile za prosesa za Core 2 Duo zinazotumia DDR3, zinaishia kwenye chipu ya megabaiti 256. Zipe 4GB ya chipu 16, zinawaka. Zipe 4GB ya chipu 8, haziwaki, au zinaona nusu tu. Na vipande vipya vingi vya 4GB ni vya chipu 8.

KOMBO: Yaani kipya na kizuri ndicho kinachokataliwa.

MWANAIDI: Ndicho hicho. Halafu hesabu hiyo hiyo inajirudia juu. Prosesa za Intel kizazi cha 2 mpaka cha 4 zinaishia kwenye chipu ya megabaiti 512. Kwa hiyo 8GB ya chipu 16, sawa. 8GB ya chipu 8, hapana. Kila chipu hapo ni 1GB. Ndiyo maana ThinkPad X240, yenye sloti moja tu ya RAM, inakomea 8GB, lakini X250 ya kizazi cha 5 inapokea kipande kimoja cha 16GB. Kwa macho ni pacha.

KOMBO: Ile 2Rx8 inasaidia kujua bila kuhesabu?

MWANAIDI: Inasaidia sana, hasa kama kuna stika imefunika chipu. Basi la data, yaani njia ambamo data hupita kati ya RAM na kidhibiti, lina biti 64. x8 maana yake kila chipu inatoa biti 8, kwa hiyo safu moja ni chipu 8. 2R ni safu mbili, chipu 16. Ukiona 1Rx8 ni chipu 8. Kwa mashine hizi kongwe, tafuta 2Rx8.

KOMBO: Na zile zilizoandikwa kwamba ni za mashine zenye prosesa za AMD tu?

MWANAIDI: Waamini walioandika. Zipo hasa DDR2 za 4GB. Zimeundwa kwa chipu za x4, ambazo mashine za kawaida za Intel za enzi ile hazizisomi. Ukiwa na AMD, chukua, ni rahisi kweli. Ukiwa na Intel, ipite.

KOMBO: Tufungue mashine sasa. Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi kumaliza chaji iliyobaki. Laptop, toa betri. T440 na jamii yake ina betri nyingine ndani. Ingia BIOS, Config, Power, kisha Disable Built-in Battery, itajizima yenyewe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM, ule umeme tuli wa mwilini hata usipoua papo hapo unaweza kuacha chipu na kilema.

MWANAIDI: Laptop unaiingiza kwa mshazari, nyuzi kama 30, mpaka dhahabu ibaki mstari mwembamba, ndipo unailaza hadi vishikio vya pembeni vilie tik. Kosa kubwa ni kuilaza kabla haijazama.

KOMBO: Ya mezani unabonyeza ncha zote mbili mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Ukivifunga kwa kidole, RAM haijakaa. Mashine zenye vumbi, safisha meno ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, pangusa makombo, puliza sloti kwa blowa. Si kwa mdomo, mate yanaingia.

MWANAIDI: Na washa na kipande kimoja tu, kile kipya, kwenye sloti ya kwanza. Ipe dakika mbili. Baadhi ya mashine hujizima na kujiwasha mara kadhaa zikipima RAM mpya, na watu huchomoa waya katikati.

KOMBO: Ikilia?

MWANAIDI: HP za mezani zikilia mara 5, taa nyekundu nayo ikimweka mara 5 kisha ikatulia, ni RAM. Dell nyingi za wakati huo: milio 2, RAM haionekani kabisa; milio 4, inaonekana lakini haisomeki vizuri. Milio 2 inakurudisha kwenye sloti na raba. Milio 4 inakurudisha kwenye kuhesabu chipu. Kama ni kimya kabisa, toa RAM zote uwashe. Mashine isiyo na RAM kwa kawaida hulalamika. Ikiendelea kunyamaza, huenda tatizo haliko kwenye RAM.

KOMBO: Kabla ya kukata tamaa, toa betri ya CMOS, ile ya mviringo CR2032 inayotunza mipangilio ya BIOS, dakika tano, uirudishe.

MWANAIDI: Kuna moja inayosahaulika. Kwenye Intel za soketi 1156, 1155 na za baadaye, kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa. Kama sloti mbili za upande mmoja zimekufa kwa pamoja, chomoa prosesa umulike soketi kwa tochi. Pini moja iliyopinda inatosha kuua upande mzima. Fundi aliyebadilisha pesti ya kupozea prosesa kwa pupa huacha zawadi hiyo.

KOMBO: Imewaka. Umeweka 8GB, Windows inasema 3.2 zinatumika.

MWANAIDI: Windows ya biti 32, hiyo. Haivuki 4GB, na sehemu yake inakwenda kwa kadi ya picha na vifaa vingine. Sakinisha ya biti 64. Kama ni 64 tayari, bonyeza Windows na R, andika msconfig, Boot, Advanced options, utoe tiki kwenye Maximum memory; kuna video zinazowafundisha watu kuiweka eti mashine iende kasi. Laptop za Intel 945, kama ThinkPad T60, hizo zimekomea karibu 3GB hata ukiweka 4 na mfumo wa 64. Achana nazo.

KOMBO: Na inayowaka vizuri, kisha baada ya saa moja inaleta skrini ya bluu?

MWANAIDI: Weka Memtest86+ kwenye flashi, uiwashe nayo, uiache usiku kucha. Hata mstari mmoja mwekundu ni kosa. RAM nzima inatoa sifuri. Ikitoa makosa, pima kila kipande peke yake kwenye sloti ile ile. Kosa likifuata kipande, kipande ndicho kibovu. Likibaki kwenye sloti hata ubadilishe kipande, ni sloti.

KOMBO: Vikipita kimoja kimoja, vikianguka vikiwa pamoja?

MWANAIDI: Havipatani. Kama BIOS inaruhusu, shusha kasi kutoka 1600 hadi 1333 upime tena. HP na Dell za ofisini nyingi haziruhusu, basi tafuta viwili vya lebo moja, herufi kwa herufi, mpaka ile 2Rx8.