Vinyago vya karatasi: manahodha wa Kilwa na mijusi ya Tendaguru mezani

SOMOE: Karibu msikilizaji, popote ulipo. Tuko Mtwara mjini, mimi ni Somoe.

ISSA: Na mimi ni Issa. Leo tunazungumzia vinyago vya karatasi, vile tunavyovisimamisha mezani tukicheza michezo ya wahusika. Kwa anayejiunga nasi leo: huu ni mchezo wa hadithi. Mmoja ndiye msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo likiwa na shaka dadu ndiyo inayoamua. Unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

SOMOE: Na unaweza kuucheza kwa mdomo tu, mwanzo mpaka mwisho. Ila vita ikianza, maswali hayaishi. Nani yuko mlangoni? Zimwi liko upande gani wa nguzo? Mshale wangu unamfikia? Ukiwa na vinyago juu ya karatasi ya miraba, kila mtu anaona mwenyewe.

ISSA: Wengi huko nje wanatumia vya plastiki au vya metali. Vinapendeza, sikatai. Lakini kuagiza kimoja mpaka kikufikie huku kusini, na ukifika wakati wa kupambana na kundi la majini kumi na mawili...

SOMOE: Issa, kaka yangu, tusianzie kwenye bei. Ukianzia kwenye bei, mtu anadhani karatasi ni ya yule aliyekosa plastiki. Mimi naichukulia kama sanaa inayosimama peke yake. Askari wa karatasi walikuwa wakitengenezwa Strasbourg, Ufaransa, tangu karne ya 18. Na huu mchezo wetu haukuchukua muda kuwa na vyake: mwaka 1980 kampuni ya Steve Jackson Games ilitoa Cardboard Heroes, mashujaa wa rangi waliochorwa na Denis Loubet. Unakikunja kinakuwa pembetatu, kinasimama chenyewe. Mbele uso, nyuma mgongo.

ISSA: Huo mgongo ndio ulionivuta mimi. Kuna watu wanachora mbele tu, halafu nyuma wanaweka kivuli cheusi.

SOMOE: Kivuli ni uvivu, nakwambia wazi. Mezani mmekaa pande zote. Aliyekaa upande wa pili anatazama migongo usiku kucha! Mchoree podo la mishale, mchoree fundo la kilemba, shuka lililotupwa begani. Mgongo nao unamwambia mtu huyu ni nani.

ISSA: Haya, tuingie kwenye kuchora kwenyewe. Watu wanatuuliza kwa nini mchoro mzuri ukiupunguza unakuwa doa.

SOMOE: Kwa sababu ulichorwa utazamwe mkononi. Fikiria vipimo. Mraba mmoja mezani ni inchi moja, na unahesabiwa futi tano za kwenye hadithi, kama mita moja na nusu. Mtu mzima basi anakuwa na urefu wa milimita 28 hivi, pingili ya juu ya kidole gumba. Halafu anayemtazama yuko mbali naye, mkono mzima, na taa iko juu. Kope hazionekani. Shanga hazionekani. Kinachoonekana ni umbo la nje: ameinama, amenyanyua mkuki, ana ngao pana au hana. Ukilipaka lile umbo weusi mtupu na bado ukamtambua, mchoro umefaulu. Hapo ndipo uanze rangi.

ISSA: Mimi bado napenda vitu vidogo vidogo. Kifundo cha upanga, mistari ya kikoi...

SOMOE: Weka kimoja. Kikoi kiwe na mstari mmoja mnene mwekundu, utauona ukiwa umekaa. Ukiweka mistari minane inayeyuka. Na mstari wa nje uwe mweusi, mzito, usioyumba. Unajua nani alikuwa na mstari wa namna hiyo? George Lilanga.

ISSA: Mtu wa kwetu kabisa huyo.

SOMOE: Alizaliwa 1934 wilayani Masasi, akafariki 2005. Alianza na kuchonga kama Wamakonde wengine, baadaye akachora. Zile picha zake za mashetani: masikio makubwa, matumbo mbele, midomo wazi, rangi bapa zinazowaka, na kila umbo limezungukwa na mstari. Hamna kivuli, hamna umbali. Kila shetani unamsoma palepale. Mimi nikitaka kumfundisha mtu kuchora kinyago cha karatasi namwonyesha Lilanga kabla ya kitu kingine chochote. Mkono huo uko kwetu, hatuhitaji kuuazima.

ISSA: Na kabla yake kuna wachongaji. Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani kwenye mpingo. Yale maumbo yenye jicho moja, mkono uliopinda unaishia kwenye mdomo. Msimulizi akiweka kitu kama hicho mezani, wachezaji wanakaa wima.

SOMOE: Sasa hapo nina neno. Shetani wa mpingo anayeuzwa barabarani, huyo ni wa wote. Mapiko ni jambo jingine. Ile barakoa ya ngoma ya Wamakonde ina unyago wake na jando lake, ina wenyewe. Mimi siichori ikawa adui wa kupigwa mishale.

ISSA: Hata akiwa upande wa wema?

SOMOE: Hata hivyo. Mpaka niwe nimekaa na wazee wakaniambia hili sawa, hili acha. Kuna mengi sana ya kuchora kabla ya kufika huko.

ISSA: Nimekuelewa, dada. Na kweli yako mengi. Chukua Kilwa peke yake. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Dhahabu ya Sofala inapita hapo. Husuni Kubwa, jumba la kifalme, imejengwa juu ya jabali linalotazama bahari, na ndani yake kuna bwawa la pembe nane. Msimulizi gani atakaa kubuni ngome wakati ramani ya Husuni Kubwa ipo? Mimi niliichora juu ya miraba, mashujaa wakaingilia upande wa maji.

SOMOE: Na mashujaa wenyewe?

ISSA: Nahodha wa mtepe, lile jahazi la zamani, yule umemchora wewe. Mpima dhahabu ana mizani mkononi. Binti wa mwashi, amebeba patasi ya kukatia matumbawe. Na mlinzi wa lango.

SOMOE: Yule nahodha nampenda. Mtepe ulishonwa kwa kamba bila misumari, basi nikampa kamba iliyoviringwa begani. Ukitazama kwa mbali unaona duara kubwa kwenye bega. Hakuna mwingine mezani mwenye duara. Hata mtoto akiulizwa nahodha yuko wapi anamnyooshea kidole.

ISSA: Halafu kuna wale wengine. Msikilizaji, hapa ndipo Lindi inapoipita dunia nzima. Watu wananunua majoka ya plastiki. Sisi tuna Tendaguru!

SOMOE: Simulia, maana hapa huwa unasahau kupumua.

ISSA: Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Werner Janensch na Edwin Hennig ndio walioongoza msafara. Waliochimba ni watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa kwenda Berlin. Mjusi mkubwa kuliko wote, Giraffatitan, amesimama makumbusho ya Berlin mpaka leo, urefu wa mita 13 na zaidi kutoka sakafuni hadi kichwani.

SOMOE: Na mimi nikapiga hesabu. Mtu wa mita 1.7 akiwa milimita 28, umemgawa kwa 60. Mgawe na yule mjusi kwa 60: sentimita 22 kwenda juu. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Anaingia! Shingo, miguu, kichwa, na nafasi ya kitako inabaki. Mkia ndio unaukunja uje mbele. Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni, naye wa Tendaguru, urefu wake ni kama mita nne na nusu. Huyo anakuwa sentimita saba na nusu, unawapanga kadhaa kwenye ukurasa mmoja.

ISSA: Kwa kanuni za Dungeons & Dragons kiumbe mkubwa kuliko wote anakalia miraba minne kwa minne. Ukimweka Giraffatitan hapo katikati ya vinyago vya pingili ya kidole, hakuna anayeuliza tena "kwani ni mkubwa kiasi gani?"

SOMOE: Ila miye nilichopenda zaidi kumchora ni mpagazi. Mzigo kichwani, mkono mmoja umeushika, mwingine una fimbo. Umbo hilo hulikosei hata gizani. Na kwenye mchezo wetu mpagazi ana jina, ana nguvu zake, anajua njia ya kushukia Lindi. Msimamizi wa wachimbaji naye ni mhusika mkuu. Wale walioifanya kazi ile wakae mbele ya hadithi.

ISSA: Hapo umesema. Haya, mtu ameshachora au amepata picha, anataka kutengeneza. Anaenda steshenari.

SOMOE: Anaomba karatasi ngumu, gramu 160 mpaka 200. Nyembamba zaidi inapinda, nene zaidi baadhi ya printa zinaikataa. Kama wana printa ya leza, hiyo ndiyo. Huku kwetu kuna unyevu, mikono ina jasho, na wino wa maji unatoka kwenye vidole. Halafu, hili ni muhimu, mwambie anayechapa aweke asilimia mia moja. Mashine nyingi zinajipunguzia ukurasa zenyewe ili uenee. Chora kijisanduku cha inchi moja kwenye kona ya ukurasa, ukichapwa tu weka rula pale pale dukani: milimita 25 na nukta kidogo. Ikiwa 24, achape upya.

ISSA: Kukunja?

SOMOE: Kabla hujakata, chukua kalamu iliyokwisha wino, pitisha kwenye mstari wa kukunjia ukifuata rula. Karatasi itakunjika ikiwa imenyooka. Gundi iwe nyembamba, ienee mpaka pembeni, weka chini ya kitabu kizito mpaka ikauke. Kisha ndiyo ukate. Anza na pembe za ndani, kwapani na kati ya miguu, kwa ncha ya wembe, mkasi umalizie nje. Acha ukingo mwembamba kuzunguka mwili wote, usiufuate mkuki mpaka ukabaki uzi, utavunjika. Mwisho kabisa chukua maka peni nyeusi, pitisha ubavuni mwa karatasi pote palipokatwa.

ISSA: Hilo la maka peni, jamani.

SOMOE: Ule weupe wa ubavu ndio unaomfanya aonekane kipande cha karatasi. Ukiufunika kwa weusi, mstari wa mchoro unaungana na ukingo, na mtu anasimama.

ISSA: Mimi huwa nalaminisha pia. Kahawa ikimwagika, unafuta.

SOMOE: Na taa ikiwaka, vinameta vyote, huoni sura. Na ukikata karibu na mchoro plastiki inaachana. Mimi nasema bora uchape kingine. Faili unayo.

ISSA: Kwa watoto nitaendelea kulaminisha.

SOMOE: Kwa watoto sawa.

ISSA: Sasa pangaboi. Mtwara huwezi kucheza ndani bila pangaboi, na likiwaka tu jeshi zima linalala chali. Kitako cha karatasi pekee hakitoshi. Klipu nyeusi za steshenari zinashika vizuri, unabana miguu, unatoa zile waya. Washa za chuma za duka la vifaa vya ujenzi ni nzuri zaidi, zile za kama inchi moja. Unagundisha chini, kinyago hakitikisiki. Hata sarafu ya shilingi 500 inakaa sawasawa kwenye mraba, imezidi kidogo tu.

SOMOE: Sarafu zibandike kwa gundi inayobanduka, utazihitaji.

ISSA: Na kanuni zenyewe za kuchezea si lazima ununue. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons ziko huru kwa leseni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kuzitumia, kuzitafsiri, hata kuuza kazi yako, mradi utaje zilikotoka. Kwa hiyo mtu wa Nachingwea au Newala anaweza kuandika mchezo mzima wa Tendaguru kwa Kiswahili, akauweka na vinyago vyake mwenyewe.

SOMOE: Na sisi tumeanza. Ukurasa wa nahodha, mpima dhahabu, binti wa mwashi na mpagazi uko tayari, mbele na nyuma, tunautoa bure. Kentrosaurus anafuata. Msikilizaji anayechora, wa Kilwa, Liwale, Tandahimba, popote, tunaomba ututumie mhusika mmoja wa kwenu. Umbo kwanza, rangi baadaye.

ISSA: Na mgongo wake.

SOMOE: Bila mgongo hatupokei. Kipindi kijacho tunachora ramani ya bandari ya Mikindani juu ya miraba, andaa rula.